Kuku Aliyekuwa Akiatamia

Usiku wa Jumatano, tarehe 21 Mei 2008, mvua ilinyesha sehemu mbili ninazozikumbuka. Ilinyesha Moscow, katika uwanja wa Luzhniki, ambako Manchester United na Chelsea walikuwa wakicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Na ilinyesha kwetu, kwenye kituo kidogo cha biashara kaskazini mwa wilaya ya Karagwe, eneo ambalo tangu 2012 liko katika wilaya ya Kyerwa, ambako mjomba wangu alikuwa na banda la mpira.

Banda lenyewe lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa bati. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja, na nyuma kulikuwa na stoo ndogo iliyotengwa kwa ukuta ambao haukufika juu. Umeme wa gridi haukuwa umefika. Televisheni iliendeshwa na kijenereta cha petroli, kile kidogo ambacho mtu mmoja anakibeba kwa mkono kama ndoo ya maji. Siku zote kilikaa nje, nyuma ya banda, chini ya kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani. Usiku ule upepo ulikuwa unaisukuma mvua hadi chini ya kile kipande cha bati. Mjomba akaona jenereta litazima katikati ya mechi na watu watadai hela zao. Akalibeba, akaliingiza stoo.

Nilikuwa na miaka 9. Wakati wa mapumziko mjomba aliniambia mama atamlaumu, nirudi nyumbani nikalale. Kwa hiyo sikuiona penalti ya Ronaldo ikidakwa, wala John Terry akiteleza, wala Van der Sar akiizuia ile ya Anelka. Nilisimuliwa. Nilisimuliwa pia kwamba watu wengi walitoka pale wakilalamika kichwa kinawagonga, na mmoja alitapika kabla hajafika kwake. Wakasema ni joto la banda na moshi wa sigara. Mashabiki wa Chelsea walisema ni uchungu.

Kijana aliyekuwa akimsaidia mjomba alibaki. Nitamwita kijana tu, kwa sababu mama yake yu hai na jina la mwanawe ni lake, si langu la kulitangaza. Alikuwa na miaka 17. Kazi yake ilikuwa kulala bandani kulinda televisheni na dishi, na usiku ule alikuwa na kazi ya ziada: kesho yake ilikuwa siku ya gulio, na simu za watu zilikuwa zimepangwa mezani zikisubiri chaji. Jenereta likaachwa likiunguruma. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Asubuhi jenereta lilikuwa limezima, tanki limekauka. Kijana alikuwa amelala kwenye godoro lake, shuka limemfunika hadi kifuani, hana jeraha. Waliomwona walisema midomo yake ilikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya. Na kando ya ukuta, ndani ya kikapu, kulikuwa na kuku wa mjomba aliyekuwa akiatamia. Naye alikuwa amekufa juu ya mayai yake.

Huyo kuku ndiye aliyemfukuza mjomba kijijini. Kama angekufa kijana peke yake, watu wangesema ni moyo, au malaria iliyopanda kichwani, au amri ya Mungu. Lakini ni ugonjwa gani unaoua mtu na kuku usiku mmoja, chumba kimoja, bila damu wala povu? Na kwa nini midomo iwe myekundu? Na kwa nini mjomba, ambaye biashara yake ilikuwa imeanza kukua, alienda kulala kwake usiku uleule? Neno lililotumika lilikuwa kafara. Mwezi haukuisha banda likafungwa. Mjomba akaenda Geita, na tangu hapo amerudi mara moja tu, kumzika babu.

* * *

Sikuwa nikimtafuta kijana yule nilipompata. Nilikuwa naandaa tasnifu yangu ya uzamili juu ya machimbo ya madini ya bati ya Kyerwa enzi za ukoloni, na nilitaka kuelewa jinsi wachimbaji duniani walivyokuwa wakipambana na hewa mbaya shimoni. Hivyo nikafika kwa John Scott Haldane, mwanafiziolojia wa Uingereza.

Tarehe 27 Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, ulilipuka na kuua watu 57. Haldane alikwenda kuzichunguza maiti. Watu waliamini wachimbaji huuawa na mlipuko wenyewe. Yeye akaona kwamba wengi wao hawakuwa na majeraha ya kuwaua. Walikuwa na rangi nzuri mno. Walikuwa wameuawa na kaboni monoksidi, hewa inayobaki baada ya moto kuwaka pasipo oksijeni ya kutosha.

Jinsi hewa hiyo inavyoua ilikuwa imeelezwa na Mfaransa Claude Bernard tangu miaka ya 1850. Damu yetu ina himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kuipeleka mwilini. Kaboni monoksidi inajishika kwenye himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini viti vyote ndani ya damu vimeshakaliwa. Damu iliyobeba hewa hiyo ni nyekundu inayong'aa, ndiyo maana midomo na kucha za marehemu huonekana kama za mtu mzima wa afya. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi. Aliyelala hata hizo hazimwamshi.

Haldane alijifungia na kuivuta hewa hiyo yeye mwenyewe, akiandika dakika kwa dakika anavyojisikia. Aligundua kwamba wanyama wadogo, ambao hupumua haraka kuliko sisi, hulemewa mapema. Akashauri wachimbaji washuke na panya au ndege mdogo. Ndiyo asili ya ndege aina ya kanari katika migodi ya Uingereza, waliotumika hadi 1986. Ndege akianguka, mtu anajua ana dakika chache za kutoka.

Nilisoma ukurasa huo maktabani, nikausoma tena. Kisha nikafunga kompyuta na kutoka nje.

Ndege mdogo. Chumba kimoja. Kule Wales ndege aliyekufa alikuwa onyo. Kwetu alikuwa ushahidi wa mashtaka.

* * *

Mtu aliyesomea historia anafundishwa kutoridhika upesi na maelezo yanayompendeza. Mimi nilitaka mjomba awe hana hatia, kwa hiyo nilipaswa kujihadhari. Hakuna daktari aliyeichunguza maiti ile. Ninachokijua kimetoka vinywani mwa watu, miaka 17 baadaye. Lakini vichwa vilivyouma, aliyetapika, midomo, kuku, tanki lililokauka, mlango uliofungwa: kila kimoja kilisimuliwa na mtu tofauti, na karibu wote walivisimulia kama uthibitisho wa uchawi. Hawakuwa na sababu ya kunitengenezea kesi ya kaboni monoksidi. Hilo lilinitosha.

Swali lililobaki likawa la kihistoria zaidi. Kwa nini hakuna aliyejua? Jibu jepesi ni kwamba watu wa kwetu hawakusoma. Silikubali, kwa sababu hapa Karagwe watu wameishi na hewa hiyo kwa karne nyingi, na wameitumia kwa ustadi.

Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika, Novemba 1861, Karagwe ilikuwa dola yenye kujulikana kwa ng'ombe na kwa chuma. Grant alikaa miezi akiuguza kidonda cha mguu wakati mwenzake ameshatangulia Buganda. Stanley naye, alipopita mwaka 1876, aliandika juu ya nyumba ya hazina ya mfalme, yenye mikuki na sanamu za shaba na chuma, zikiwemo za ng'ombe. Chuma hicho kilitoka kwenye matanuru ya udongo, kwa ujuzi wa kanda nzima ya magharibi mwa Ziwa Victoria. Peter Schmidt na Donald Avery, waliofanya kazi na wazee wa Kihaya waliokumbuka uyeyushaji, waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kwamba ufundi huo una zaidi ya miaka 1,500, na kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru iliipasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye mkaa.

Sasa, ni kitu gani kinachogeuza mawe mekundu kuwa chuma? Si joto peke yake. Mkaa ukiungua kwa hewa ya kubanwa unatoa kaboni monoksidi, na kaboni monoksidi ndiyo inayoinyang'anya ile miamba oksijeni yake na kuacha chuma. Hewa ileile inayoikalia damu viti vyake. Mikuki ya Rumanyika na kifo cha kijana wa banda la mpira vina kemia moja.

Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 juu ya maana za kijamii za chuma cha Karagwe. Katika sehemu nyingi za Maziwa Makuu tanuru lilifananishwa na tumbo la uzazi, na kazi ya kuyeyusha ilifanywa kando na makazi, kwa miiko juu ya nani akaribie na nani asikaribie. Sisemi kwamba wahunzi walijua himoglobini. Miiko ile ilikuwa na sababu zake, za uzazi, za siri na za mamlaka. Nasema tu kwamba moto ule wa hatari ulikuwa na mahali pake, na mahali pake hapakuwa chumba cha kulala.

Hata moto wa nyumbani ulikuwa na njia yake. Nyumba ya msonge iliezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Haikuwa na bomba la moshi wala dirisha. Moto uliwaka katikati, na moshi ulipanda, ukachuja kwenye nyasi, ukatoka taratibu paa zima, hadi kwa mbali mtu mgeni angedhani nyumba inaungua. Ukipita ulikausha nyasi, ukafukuza wadudu, ukaivisha ndizi za pombe kwenye kichanja. Sipambi: moshi huo uliharibu macho na vifua vya mabibi zetu, na hadi leo moshi wa jikoni ni muuaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2. Lakini nyumba ya nyasi ilipumua. Tulipoingia kwenye kuta zilizosiribwa vizuri na paa la bati, tulipata nyumba isiyovuja. Hakuna aliyetuambia kwamba kuvuja kulikuwa na faida.

* * *

Kisha zikaja injini.

Rudolf Diesel alionyesha injini yake iliyofanikiwa huko Augsburg mwaka 1897. Uzao wake ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya migodi, misheni, mashamba na mashine za kusaga. Wazee wa kwetu hadi leo wanaita kila injini nzito ya kusaga Lister, kwa jina la kiwanda cha Dursley, Uingereza, hata kama imetengenezwa India. Mashine hizo ndizo zilizofanya mlio wa alasiri katika vijiji vingi: tuku, tuku, tuku, na kila tuku moja kiduara cha moshi kinatoka kwenye bomba juu ya paa.

Nilimtembelea fundi mmoja mzee wa mashine hizo, Kyerwa. Nilimwamkia, tukala senene, kisha nikamuuliza jambo ambalo nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza: kwa nini bomba la moshi lilipita ukutani namna ile? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunavaa suruali. Kisha akaeleza kwa nusu saa.

Injini ya kusaga, alisema, haijengewi ndani ya duka. Inajengewa banda lake, juu ya zege, na banda linaachwa wazi juu pande mbili. Moshi hautoki humo bandani, unapelekwa nje kwa bomba la chuma. Pale bomba linapotoka kwenye injini unaweka kipande kinachonyumbulika, kwa sababu injini inatikisika na ukuta hautikisiki. Bila hicho, kiungio kinapasuka na moshi unarudi ndani bila wewe kuona. Bomba lisiguse mbao wala nyasi, maana linaunguza. Linapopita ukutani, unalivika kola ya chuma na kuacha nafasi. Kona ziwe chache, kwa sababu kila kona inaisukuma nyuma pumzi ya injini. Ukilazimika kurefusha bomba, uliongezee upana. Lilale kwa mteremko kuelekea nje, ili maji ya mvua na ya mvuke yatiririke nje, yasirudi kwenye injini. Mdomo wake upande juu ya ukingo wa paa, ufunikwe kofia, na uangalie upande ambao upepo unaenda, si unaotoka, mbali na dirisha la mtu yeyote.

"Injini ni kama mtu," alisema. "Ukiiziba pua inakufa yenyewe. Ukiiacha ikupumulie usoni, unakufa wewe."

"Mzee, nani alikufundisha?"

"Aliyeifunga ya kwanza. Naye alifundishwa na aliyeifunga ya misheni."

Hapo nikaona kilichotokea. Injini kubwa ilikuja na fundi. Ilikuwa nzito, ghali, inahitaji msingi, kwa hiyo lazima aje mtu wa kuifunga, na ujuzi wa moshi ukaja naye. Tena dizeli ina tabia ya kujitangaza. Inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, hivyo hutoa kaboni monoksidi kidogo, lakini masizi yake yananuka na kuwasha macho, na mtu hakubali kukaa nayo chumba kimoja. Si kwamba ni salama: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Umoja wa Mataifa aliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Ila inakufukuza kabla haijakuua.

Kijenereta cha petroli kilikuja ndani ya boksi. Hakuna fundi aliyekuja nacho. Kilikuwa na mpini wa kubebea, na kitu chenye mpini kinakualika ukibebe popote, hata stoo. Moshi wake ni mwembamba, kikipata moto karibu huuoni. Lakini injini ndogo ya petroli ya namna hiyo inaungua kwa hewa haba, na asilimia kadhaa ya anachokitoa bombani inaweza kuwa kaboni monoksidi. Katika hewa ya chumba, sehemu 400 katika milioni zinatosha kukuumiza kichwa ndani ya saa moja au mbili. Zikifika 1,600, mtu anaweza kufa ndani ya saa 2. Na ukuta usiofika juu si kizuizi: hewa hiyo ina uzito unaokaribiana na hewa ya kawaida, inachanganyika nayo na kwenda nayo kila inakokwenda.

Mashine zilipokuwa zinapungua ukubwa, ujuzi wa moshi uliachwa kwenye zile kubwa. Hiyo ndiyo hoja yangu, kama mtu angenitaka niiseme kwa sentensi moja.

* * *

Kuna sababu pia za sisi kuhitaji kijenereta mwaka 2008. Hapo Murongo, Mto Kagera unashuka kwa nguvu kati yetu na Kikagati ya Uganda. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mtambo mdogo wa maji uliojengwa kwa ajili ya machimbo ya madini ya bati, ukaharibika katika vita vya 1979. Kwa miongo kadhaa baadaye maji yalipita tu. Mkoa wetu ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, na njia hiyo haikufika kila kilima. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi 2007, mwaka mmoja tu kabla ya usiku ule.

Mwaka huohuo wa 2008 taifa zima lilikuwa likizungumza majenereta. Ukame wa 2006 ulikuwa umekausha mabwawa, serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na tarehe 7 Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nakumbuka watu wazima wakilijadili jambo hilo bandani kwa mjomba, kwa televisheni iliyoendeshwa na jenereta. Sikumbuki mtu yeyote, redioni au shuleni, akitaja moshi wake.

Leo Kikagati ina mtambo mpya wa megawati 14, umeme wake ukigawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi mbili. Nguzo zimefika kwenye kituo chetu. Lakini umeme ukikatika, saluni na vibanda vya simu vinavuta kamba ya kuwashia kama zamani, na wachimbaji wadogo bado wanatumia pampu za petroli kutoa maji mashimoni. Pampu ya petroli haipaswi kushushwa shimoni hata kidogo. Inabaki juu, mpira ndio ushuke.

Mara ya mwisho nilipokuwa Kyerwa mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na dada mmoja mwenye saluni akaanza kuliburuta jenereta lake kuliingiza ndani. Nilimwomba asifanye hivyo. Akasema, "Kaka, nafungua mlango na dirisha." Nikamweleza kwamba mlango na dirisha havitoshi, kwamba upepo unaweza kuurudisha moshi wote ndani. Nikamweleza asijaribu kuunga mpira kwenye bomba lake kuutoa moshi dirishani, maana bomba hilo lina joto la kuyeyusha mpira. Jenereta dogo la petroli halitengenezewi njia ya moshi, linatengenezewa umbali. Angalau mita 6 kutoka mlangoni, mdomo wa moshi ukiangalia mbali na nyumba zote mbili, yake na ya jirani, na juu yake kibanda cha bati kwenye nguzo nne bila kuta. Kinachoingia ndani ni waya. Kichwa kikianza kuuma, usinywe dawa, toka nje kwanza, kwa sababu kwenye hewa safi damu inahitaji saa 4 au 5 kupunguza nusu tu ya ilichobeba.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali la haki: "Na likiibiwa?"

Sikuwa na jibu zuri. Nyororo na kufuli, nikasema. Kijana wa mjomba naye aliwekwa pale kwa sababu ya wezi.

* * *

Nilimpigia mjomba simu nikiwa bado Kyerwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za masomo?"

Nilimweleza yote, kuanzia Wales. Nilikuwa nimejiandaa kwa furaha yake. Miaka 17 watu wamemwita mchawi, na sasa mpwa wake aliyesoma anamletea uthibitisho kwamba hakuna kafara lililofanyika. Nilipomaliza alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limeisha.

"Kwa hiyo ni lile jenereta," akasema.

"Ndiyo mjomba."

"Nililoliingiza mimi."

Sikujibu.

"Afadhali waendelee kuniita mchawi," akasema. "Uchawi nilijua sikufanya."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Nilidhani maelezo ya kweli humwondolea mtu mzigo. Yalimwondolea mmoja, yakamtwisha mwingine, na huu wa pili hawezi kuukana. Ningeweza kumwambia kwamba hakuwa na namna ya kujua, na nilimwambia. Lakini kutojua kulikuwa kwa kijiji kizima, na mikono iliyolibeba jenereta ilikuwa miwili.

Kwa mama wa kijana nilikwenda na mama yangu, kwa sababu sikuwa na haki ya kwenda peke yangu. Walikuwa hawajasalimiana kwa miaka mingi. Alitukaribisha, akatupa viti, akaendelea kuchambua maharage kwenye ungo wakati mimi nazungumza. Sikutaja Haldane. Nilisema tu kwamba injini ile inatoa hewa isiyoonekana, inaingia kwenye damu, inamchukua mtu usingizini, na kwamba haikumuuma.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku ndiye aliyekufa kwanza, mama. Mwili wake ni mdogo."

Akachambua punje kadhaa. "Wangeweka mashine nje, angeamka?"

Nilitazama upande wa mama yangu, ambaye alikuwa anatazama chini.

"Ndiyo, mama. Angeamka."

Alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu. Hakulia. Hakutushukuru, wala hakutufukuza. Tulipoinuka kuaga, alitusindikiza hadi kwenye migomba, akamshika mama yangu mkono.

"Kaka yako anajua haya?"

"Anajua," mama akasema.

"Basi mwambieni aje aniambie mwenyewe."

Nilimpelekea mjomba ujumbe huo jioni ileile. Aliusoma, niliona alama mbili za buluu. Hajajibu. Lakini mama ameniambia kwamba wiki iliyopita alimpigia, akamuuliza nauli ya basi kutoka Geita siku hizi ni shilingi ngapi.